Kutoonekana si Kutokuwapo: Uhakiki wa Matokeo Hasi ya Slaidi za Malaria, Handeni na Korogwe

Uhakiki huu unahoji mazoea ya kuandika "hakuna vimelea" pale ambapo mpimaji ana haki ya kusema tu kwamba vimelea havikuonekana. Hoja hii ina uzito Korogwe, mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Humo, kumhesabu mtoto kuwa mgonjwa wa malaria kulihitaji vimelea vionekane kwenye slaidi.

Sababu za rangi ya Giemsa kufifia zinafahamika. Maji ya kuchanganyia yakiwa na tindikali kupita kiasi, chini ya pH 7.2 inayopendekezwa, buluu ya kimelea hudhoofika. Maji yakiingia katika chupa ya Giemsa isiyochanganywa, rangi huharibika. Tone nene likiguswa na methanoli, chembe nyekundu hazipasuki, na vimelea hufichika. Slaidi ya namna hiyo hutoa habari za rangi, si za damu.

Dawa yake ni slaidi ya kulinganishia, yenye vimelea vinavyojulikana, inayotiwa rangi pamoja na za wagonjwa. Upimaji wa tishu kwa kingamwili nao hufuata kanuni hiyo. Tasnifu isiyoitaja slaidi hiyo haiwezi kutetea neno "hasi". Kwa mtoto wa Handeni mwenye homa, kosa hilo laweza kumaanisha kurudishwa nyumbani bila dawa.