Umeme ya Uganda: kipimo kilipofanya kazi na kilipokwama

Mwaka 2005, Uganda ilipoikabidhi kampuni ya Umeme usambazaji wa umeme kwa miaka 20, takriban 38% ya umeme ulioingia kwenye nyaya haukulipiwa. Uliishia kwenye waya chakavu, mita mbovu na watu waliojiunganishia usiku. Nguzo na transfoma zilibaki mali ya shirika la umma, UEDCL. Umeme ilipewa kuziendesha na kuwekeza, chini ya jicho la mdhibiti, ERA.

Ufundi wa mkataba ulikuwa kwenye hesabu ya bei. ERA ilipanga bei kwa kuruhusu kiwango fulani cha upotevu. Tuseme uniti 100 zimenunuliwa kutoka UETCL, kampuni ya umma ya kusafirisha umeme, na bei imekadiria kuwa 20 zitapotea. Zikipotea 17, pesa ya uniti tatu ni faida ya Umeme. Zikipotea 24, hasara ya nne ni yake. Ndiyo maana kampuni ilikazana na mita za Yaka, dada yake LUKU ya Tanzania: mteja analipa kwanza, deni halizaliwi. Kufikia 2018 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu 17%. Hakuna hotuba ya waziri ambayo ingeweza kufanya hivyo.

Kwenye mtaji mambo yalikuwa tofauti. Kila dola iliyowekezwa na kukubaliwa na ERA ilileta faida ya 20% kwa mwaka, kiwango kinono mno kwa maoni yangu, maana mlipaji ni mwenye nyumba anayenunua tokeni. Fedha ambazo hazijarudi hadi mkataba unakwisha, serikali ingezilipa. Hapo neno "kukubaliwa" likawa na thamani ya mamilioni. Laini iliyojengwa bila kuhakikiwa ina umeme na ina wateja, lakini kwenye daftari la mdhibiti haipo.

Machi 31, 2025 mkataba ulikwisha na UEDCL ikachukua kazi. Serikali ililipa dola milioni 118. Umeme ikadai zaidi ya milioni 200, na mgogoro ukaenda kwa wasuluhishi London. Upotevu ulikuwa na kipimo kila mwaka, ndani ya bei yenyewe. Uwekezaji nao ungefungiwa hesabu kila Desemba, pande zote zikitia saini, London isingekuwa na kazi.