Dakika Mbili za Mlangoni

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi kuliko niliyofundisha watoto, na kazi hiyo imeniachia tabia mbaya ya kusahihisha kila kinachopita mbele ya macho yangu: hotuba za harusi, mabango ya barabarani, hata matangazo ya vifo redioni. Mke wangu husema kwamba siku ya maziko yangu nitafufuka kurekebisha risala. Basi, msomaji, usinishangae nikikuletea hapa masahihisho ya filamu ya dakika mbili iliyotengenezwa na vijana wanne, ambayo huenda watu waliopata kuiona hawajazi darasa moja.

Novemba 2014 nilikuwa kwa binti yangu mjini Reading, magharibi ya London, nikijifunza kuvaa soksi mbilimbili. Mjukuu wangu alikuwa na miaka 17, kidato cha tano kwa hesabu zetu, na mojawapo ya masomo yake lilihusu vyombo vya habari. Kwa mtihani wa mwaka ule alitakiwa, yeye na wenzake watatu, kutengeneza mwanzo wa filamu ya kubuni pamoja na maandishi ya majina, usiozidi dakika mbili. Si filamu nzima, mwanzo tu. Alama zilikuwa 100: 20 za utafiti na maandalizi, 60 za filamu yenyewe, na 20 za tathmini, yaani maelezo ya mwanafunzi mwenyewe juu ya kazi aliyoifanya. Mtihani huo umekwisha kuondolewa. Silabasi mpya ilianza kufundishwa Uingereza Septemba 2017. Lakini jambo lililonigusa halikuondoka nao.

Kabla ya kazi yenyewe walipewa zoezi la awali, nami nalisifu bila kinyongo. Mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi kumkabili mwenzake, wasemezane maneno machache. Basi. Mtu ambaye hajapata kushika kamera atadhani hiyo ni kazi ya robo saa. Iliwachukua Jumamosi mbili. Mkono ukishika kitasa katika picha iliyopigwa nje, lazima mkono huohuo uwe ukimalizia kukizungusha katika picha iliyopigwa ndani, la sivyo mtazamaji atahisi ameruka kitu. Tena ipo kanuni ya nyuzi 180. Kati ya watu wawili wanaozungumza uchore mstari kichwani mwako, na kamera ikae upande mmoja tu wa mstari huo. Ikivuka, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana akitazama kushoto, na wazungumzaji watafanana na abiria wa basi, wote wamekodoa macho upande mmoja.

Vijana wale walivuka mstari mara ya kwanza bila kujua. Hakuna aliyewakemea. Walitazama walichokipiga, wakacheka, wakasogeza kiti, wakapiga upya. Nilikuwa pembeni na kikombe changu cha chai, nikajisemea moyoni kwamba huu ndio ufundishaji hasa, kosa linapoonekana kwa jicho la mkosaji mwenyewe kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Nilikumbuka pia gari la sinema lililokuja kijijini kwetu miaka ya 1950, nasi tukaketi chini mbele ya shuka jeupe. Ukubwani nilisoma kwamba wakubwa wa filamu za kikoloni, na hasa William Sellers wa Colonial Film Unit iliyoanzishwa 1939, waliamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole zisizo na ufundi mwingi. Nikawatazama watoto wa Kiingereza wakihangaika wiki mbili na mlango mmoja, nami nikapata kicheko changu cha faragha.

Sasa filamu yenyewe. Usiku, kijana amevaa koti lenye kofia, anapita kichochoroni, kiatu kinakanyaga dimbwi, mlango. Ndani, mzee ameketi peke yake na kikombe mkononi. Mlango unabishwa mara tatu. Mzee anauliza, "Nani?" Giza. Jina la filamu. Mzee huyo nilikuwa mimi. Nadhani niliteuliwa kwa sababu sikuhitaji kupakwa rangi ya kuzeeshwa.

Lililo jema nilitangulize. Sauti ilikuwa nzuri kupita umri wao. Walirekodi birika likipoa, ile milio midogo ya bati linaporudi hali yake, wakaiweka chini ya ukimya wa chumba, na ukimya ukawa na uzito. Ile picha ya mlango iliyopigwa kamera ikiwa karibu na sakafu, mwanga wa barabarani ukipenya chini ya ubao na vivuli viwili vya miguu vikiukatiza, ningeiacha kama ilivyo hata kama ningekuwa mkaguzi mwenye meno yanayouma.

Ubaya ulikuwa kwingine. Filamu ilianza na nembo ya kampuni isiyokuwepo, ikafuatwa na majina tisa, kumbe watu ni wanne, kila mmoja akijirudia kwa cheo kipya. Robo ya dakika mbili ilikwenda kwa kutambulishana. Halafu kile kiatu, kile kichochoro, na mikono isiyo na uso, vyote vilikuwa vya kuazima. Darasa zima lilikuwa limeonyeshwa mwanzo wa Se7en, filamu ya David Fincher ya mwaka 1995, ambao uliundwa na Kyle Cooper: mikono ya mtu tusiyemwona uso inakata, inashona, inaandika madaftari. Karibu kila kundi likatoka na mikono. Lakini katika Se7en madaftari yale yapo ndani ya hadithi, na wapelelezi watakuja kuyakuta. Mkono ule una mwenyewe. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Huyu anayebisha hodi ni nani?"

"Sijui, Babu."

"Na mimi ninayebishiwa?"

"Hatutakiwi kujua. Ni mwanzo tu."

Hapo ndipo ninapougusa mtihani wenyewe. Kwetu msimulizi akisema "Paukwa," watoto hujibu "Pakawa," na hapo deni limeingia: sharti hadithi ije. Anayeita paukwa kisha akanyamaza, watoto watamzomea na kwenda kucheza. Ousmane Sembène alianza filamu yake La Noire de..., ya mwaka 1966, kwa meli inayotia nanga Ufaransa na msichana kutoka Dakar anayeshuka akijiuliza kama atapokewa na mtu. Swali dogo la msafiri yeyote. Filamu nzima inalijibu, na jibu linauma. Mwanzo ule ni mzuri kwa sababu ya mwisho wake. Kumwambia mtoto atengeneze fremu ya mlango isiyo na nyumba, kisha umpime kama fremu inafanana na fremu nyingine, ni kumfundisha useremala wa duka la maonyesho. Ningewataka wale vijana waandike hadithi yote, hata ukurasa mmoja, ndipo wapige dakika mbili za kwanza. Naona hata kiatu kingepata mwenyewe.

Tulipomaliza kupiga, ulifika wakati wa kuhariri. Mwanzoni nilikuwa na sekunde arobaini za kukaa kitini. Filamu ilipokwisha, nilibakiwa na nne, na katika hizo nne nilikuwa mkono na kikombe, hata "Nani?" yangu ilisikika kutoka gizani. Sikununa, au nilinuna kidogo tu. Najua sababu, maana nilikuwapo. Mwezi wa Novemba kule jua huzama saa kumi na dakika chache za jioni. Tulichelewa kuanza, mwanga wa dirishani ukafifia katikati ya kazi, na picha mbili zilizopaswa kuungana zikawa moja ya mchana na moja ya magharibi. Juu ya hayo, mimi mwenyewe nilitazama kamera. Hapakuwa na cha kuokoa ila mkono.

Baada ya Krismasi akanisomea tathmini yake. Mtihani ulitoa maswali saba: kazi yako imetumia, imeendeleza au imepinga vipi kanuni za filamu halisi, imewaonyesha vipi watu wa tabaka fulani, nani angeisambaza, nani angeitazama, umemvutaje huyo mtazamaji, umejifunza nini kuhusu vifaa, na tangu lile zoezi la awali umepiga hatua gani. Ni maswali ya maana. Yasome tena, hata hivyo, uone kama lipo moja linalouliza ni kitu gani kiliharibika. Mjukuu wangu aliandika kwamba waliamua kumwonyesha mzee kwa picha ya karibu ya mkono ili kuficha utambulisho wake na kuzidisha fumbo, kufuatana na kanuni za filamu za kusisimua.

"Ndivyo ilivyokuwa?" nikamuuliza.

Akatabasamu kama mtu aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Babu, hakuna alama za kusema nilikosea."

Katika filamu walizopaswa kuzichambua ilikuwamo Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, na usiku mmoja tuliitazama pamoja. Mwanzo wake ni picha moja isiyokatwa ya zaidi ya dakika tatu: mikono inatega bomu, bomu linatiwa nyuma ya gari, gari linaondoka taratibu mjini kuelekea mpakani, nasi tunalifuata huku tukijua lililomo. Welles aliondolewa katika uhariri. Alipoonyeshwa filamu jinsi studio ilivyoikata, mwaka 1957, aliwaandikia waraka wa kurasa 58, akieleza picha kwa picha nini hakifai na nini kifanywe. Pale mwanzoni hakutaka majina wala muziki wa kupigiwa juu yake. Alitaka tusikie mitaa yenyewe, redio na baa gari linapopita. Studio iliweka majina, ikaweka muziki. Yeye alifariki mwaka 1985. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka ule, majina yakaondolewa, na mwanzo ukasikika kama alivyoutaka. Tulitazama namna zote mbili. Kurasa 58 zile, kwangu, ni tathmini. Mwandishi wake hakuwa akiomba alama. Alikuwa akiomba filamu irekebishwe.

Nilitaka kumwambia mjukuu wangu hayo kwa sauti ya Mkuu wa Chuo. Sauti ikanikatikia kooni, kwa sababu kulikuwa na kijana mwingine chumbani ambaye yeye hakumwona.

Ilikuwa miaka ya 1980, nikiwa bado mkufunzi. Kila aliyepitia ualimu Tanzania analijua andalio la somo, na anaijua ile nafasi ya chini kabisa iitwayo tathmini, ambapo mwalimu huandika baada ya kipindi kama somo limeeleweka. Na kila aliyekagua mazoezi ya kufundisha anajua kwamba nafasi ile hujazwa asubuhi, kabla watoto hawajaingia darasani: "Somo limeeleweka vizuri." Nimesaini maelfu ya masomo yaliyoeleweka vizuri. Kijana huyu alifundisha darasa la sita kugawanya sehemu kwa sehemu. Kipindi kilimshinda. Mtoto mmoja alimuuliza kwa nini sehemu ya pili inageuzwa juu chini, akajibu kuwa ndiyo kanuni, akatoa jasho hadi kengele. Kisha akaketi, na mbele yangu akaandika kwenye ile nafasi kwamba somo halikueleweka, kwamba yeye mwenyewe hajui kwa nini sehemu hugeuzwa, na kwamba atatafuta jibu kabla ya kipindi cha kesho.

Nilimpa alama za chini kuliko wenzake wote wa shule ile. Niliandika kwa wino mwekundu: "Mwalimu hajaimudu mada. Ajiandae." Kila neno lilikuwa la kweli, na alama zilikuwa za dhuluma, kwa sababu waliobaki nao hawakujua kwa nini sehemu hugeuzwa, walichojua ni kutosema. Kijana alisoma, akasema, "Asante, Mkufunzi." Kesho yake nilikuwa shule nyingine. Sikujua kama jibu alilipata. Wiki iliyofuata nilipopita tena pale, andalio lake lilisema: "Somo limeeleweka vizuri." Nikasaini.

Sikumwambia mjukuu wangu habari hiyo usiku ule. Nilimwambia mwaka uliofuata, kwa simu, baada ya matokeo: filamu ilipata alama 41 kati ya 60, tathmini 18 kati ya 20. Alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Sasa, Babu, kwa nini inageuzwa?" Nikamweleza, kwa chungwa la kuwaziwa, nusu ikigawanywa kwa robo, uhesabu ni robo ngapi zimo. Dakika nne za simu ya kimataifa.

Baadaye alinitumia zile sekunde arobaini zilizokatwa. Ninazo hapa nyumbani. Mwanga wa dirisha unafifia waziwazi, kikombe kinahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila sababu, mlango unabishwa. Mzee anageuka, lakini hatazami mlango, anamtazama aliyeshika kamera, anauliza, "Nani?" na sauti ya mtoto nyuma ya kamera, imesahau filamu kabisa, inajibu, "Ni mimi, Babu."