Pale Pana Kisiki

Niliimba ubeti wa tatu, nikaumalizia kwa mbwembwe, nikaamini nimeuweza. Wenzangu walipaswa kupokea papo hapo. Wakachelewa. Haikuzidi pumzi moja, lakini kwa anayeimbisha, pumzi moja ya kimya ni ndefu kama foleni ya ndoo bombani. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekaa benchi la nyuma kajitanda kanga, akapokea peke yake kwa sauti ndogo, akaushusha mstari pale ambapo mimi nilikuwa nimeuacha ukining'inia juu. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwalimu wa kwaya aliendelea kugonga mapigo mezani kwa kidole. Nilipoingia ubeti wa nne kosa langu nilishalijua, na hapakuwa na mtu aliyenitamkia neno.

Hayo yalitokea kwetu Kitangari, wilayani Newala. Tangu jioni hiyo nimekuwa nikimtazama mama yule kama mwanagenzi anavyoutazama mkono wa fundi ulioshika tezo. Watu wamezoea kutusifu Wamakonde kwa mpingo na vinyago, na sifa hiyo tunaistahili. Ufundi ninaotaka kuusifu mimi hauuzwi kwenye vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam: ni ufundi wa kumnyoosha mwimbaji bila kumvunja.

Mimi muziki sijausomea. Nimeuokota: redio ya marehemu baba, misiba, harusi, kina mama wakipokezana mchi kinuni, kasida za watoto wa madrasa zilizokuwa zikitufikia alasiri na upepo. Karibu wote kwenye kwaya yetu wameokota hivyo hivyo. Wapo wachache wanaosoma solfa, zile do-re-mi alizozieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na wamisionari wakazibeba huku na huko, lakini hata hao ukiwanyang'anya karatasi wimbo unabaki nao. Unakaa sikioni. Kwa hiyo anayekusahihisha hana pa kukuonyesha kwa kidole. Hawezi kusema tazama mstari wa pili, noti ya tano. Ana sikio lake na lako tu, na katikati yenu pana heshima, umri, ujirani na deni la debe la mahindi.

Kazi ya wanaoitikia, Kiswahili kinaiita kupokea. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaupokea. Mwimbishaji wa ngoma akiona watu wamezubaa husema, "Nipokeeni basi!" Ni neno lile lile la kumpokea mgeni mzigo. Anayetoa hajui kama alichokitoa kimefika mpaka kimrudie. Kikirudi kimechangamka, vifua vimefunguka na nyayo zinapiga chini, amepata. Kikirudi kimelegea, pengine alianza juu mno, au aliwakimbiza, au maneno hayakukaa vizuri vinywani mwa watu. Iwe sindimba uwanjani, iwe nyimbo za unyago, hukumu imo ndani ya wimbo wenyewe na inatolewa wimbo ukiendelea. Mpiga ngoma naye akisikia ngozi imelegea huisogeza kwenye moto wa nyasi, huigonga kwa ncha ya kidole, husikiliza, huirudisha motoni tena. Sijawahi kumwona akiikaripia ngoma.

Mama wa benchi la nyuma hupokea namna hiyo. Ukiwa umepanda, huuchukua mstari chini kidogo, kwa upole, akakungoja uje. Ukiwa unakimbia, huirefusha irabu ya mwisho ya kiitikio, huwezi kuingia mpaka aifunge, na ukiingia unajikuta umepoa. Ukichapia neno, yeye hulitamka lile sahihi kwa uwazi uliozidi wa wengine kidogo tu, kiasi cha kusikika na wewe. Mazoezi yakiisha, njiani, kama bado hujaelewa, ndipo anaposema: "Mwanangu, ubeti wa tatu, pale pana kisiki."

Hasemi umejikwaa. Kosa analiweka njiani, analiondoa mguuni. Maana kisiki kiko pale kwa kila mpita njia, wa jana na wa kesho, na kuambiwa kwamba kipo ni msaada, hakuna aibu ndani yake. Siku hizi kwaya nzima inasema hivyo. Utasikia vijana wa besi wakiulizana, "Wewe kisiki chako kiko wapi?" kama watu wanaoulizana mpaka wa shamba.

Viko visiki vya kwetu hasa. Chimakonde cha wazee hakina r, na ushahidi umeandikwa kwenye jina la mahali petu: kuna vibao na karatasi zinazosema Kitangari, na nyingine Kitangali, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Kwenye wimbo ni mambo mengine. Roho inakuwa loho, furaha inakuwa fulaha. Niliwahi kufundishwa na mwalimu aliyetoka mbali, aliyekuwa akisimamisha wimbo mzima ili amcheke mtu kwa l moja. Matokeo yake mtu akishachekwa huanza kupanda r kila mahali kwa woga. Ndipo "mahali pema" panapogeuka "mahari pema", na wafiwa wakajikuta katikati ya maombolezo wanaulizana nani anaposa.

Yule mama, ambaye ulimi wake ni kama wetu, hufanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kwa wepesi wake. Huuimba mstari kwa irabu peke yake, o-o, a-a-a, mpaka sauti itulie mahali pake. Konsonanti huziweka mwishoni, kama mtu anayetia chumvi, tena huanza na zile zinazobadili maana. Roho ikiwa loho, Mungu ataelewa, na jirani ataelewa. Mahari lazima ishughulikiwe.

Kuna visiki vingine ambavyo si vya mwimbaji. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906. Wote walikuja na nyimbo ambazo sauti zake zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, Kilatini au Kijerumani, kisha maneno ya Kiswahili yakavalishwa juu yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Chimakonde ndiyo kabisa, silabi hiyo huivuta. Sasa mdundo mzito wa wimbo wa kigeni unaangukia silabi ya mwisho, na wewe unaambiwa uimbe "Bwanaa" kwa nguvu pale ambapo kinywa chako kinataka kusema "Bwaana". Wasomi wameliona suala hili la muziki wetu na kanisa: padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu kizima mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukasema kwamba mila za muziki za watu wa nchi za misioni zipewe heshima inayozistahili. Mama wa benchi la nyuma hajakisoma kitabu hicho. Lakini nilipokuwa nikihangaika na wimbo mmoja wa aina hiyo kwa wiki tatu, nikijilaumu, alinisikiliza akasema, "Acha. Huo wimbo umekuja na kisiki chake." Nikaacha kujilaumu. Kujua kosa ni la nani ni nusu ya kazi ya anayesahihisha, na nimewaona waliosomea muziki wakishindwa hapo.

Tena anajua majira. Kuanzia Juni mpaka Agosti tuko mikoroshoni tunapuliza salfa dhidi ya ubwiri unga. Ule unga wa njano unaingia puani, kooni, kwenye mashuka. Mtu aliyeshinda na mashine ya kupulizia mgongoni anafika mazoezini sauti imekwaruzika, na masikio bado yanavuma. Miezi hiyo mama hamsahihishi mtu sauti za juu. Humwomba mwalimu wimbo uanzishwe chini kidogo, na mwalimu, ambaye naye ana mikorosho, hukubali. Mwezi wa kumi minada ikianza na makoo yakapona, ndipo huanza kudai.

Siku hizi vijana wanarekodi mazoezi kwa simu. Mara ya kwanza kusikia sauti yangu humo nilikana kabisa. Nilidhani ni ya jirani yangu wa upande wa kushoto. Kumbe kila mtu hukana. Unapoimba, unajisikia kwa njia mbili kwa pamoja, kwa hewa inayoingia masikioni na kwa mtetemo unaopita kwenye mifupa ya kichwa, na mifupa hubeba vizuri sauti za chini. Ndiyo maana ndani ya kichwa chako wewe ni dume la besi, na kwenye simu ni kijana mwembamba aliyekosa chakula cha mchana. Mashine inatoa kile kinachosikiwa na wengine siku zote.

Mashine ya kunasa sauti si ngeni sana pande zetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda mpaka Newala na fonografu yake, akinasa nyimbo za watu kwenye silinda za nta. Napenda kuwawazia waimbaji wale mbele ya pembe la mashine, babu zetu, wakipeleka wimbo mahali ambapo hapana mtu wa kupokea.

Nilimpelekea mama simu asikilize mazoezi yetu. Alisikiliza wimbo wote, kichwa kimeinama, akanirudishia. "Hii inasema yote kwa mkupuo," akasema. "Nani atabeba?" Hakuidharau, alinipa sababu. Siku hiyo nilikuwa nimeorodhesha makosa yangu 11. Yeye alikuwa amechagua moja, la pumzi, kwamba navuta hewa katikati ya neno badala ya mwisho wa neno, na akalishikilia hilo hilo kwa mwezi mzima. Lilipopona, saba kati ya yale 11 yalikuwa yameondoka yenyewe.

Upande wangu, wa kupokea masahihisho, sina la kujisifia. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa mtu wa maelezo. Nina mafua. Wimbo umeanzishwa juu. Jana sikulala. Aliyenitoa huko ni bibi yangu mzaa mama, ambaye kama bibi wote ana haki ya kunitania na kuniita mume wake. Jumapili moja nimerudi kanisani nimeimba peke yangu, najisikia, ananiambia: "Mume wangu, leo nimesikia mbuzi wa watu amefungwa kamba vibaya." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku nikajishika koo nikiimba polepole, na kweli kamba ilikuwepo: nilikuwa nalikaba koo kila nikipanda. Mjomba wangu angesema neno hilo hilo ningechuchumaa kimya na ningeumia, maana kwetu, watu wa ukoo wa mama, neno la mjomba lina uzito wake. Na yeye analijua hilo, ndiyo maana kuhusu uimbaji wangu hajawahi kusema kitu.

Unguja wana njia nyingine. Kwenye taarabu mtu hunyanyuka akaja kutunza, noti mkononi, lakini noti ile mara nyingi inasema maneno yamemfika nani, haisemi sauti imekaaje. Na kuna kujibizana. Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba ambaye inasimuliwa sauti yake ilikomaa kwa kunadi vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na wapinzani wake hawakukosa kumwimbia vijembe juu ya sura na asili yake. Aliwajibu kwa wimbo, akawashinda. Jibu zuri sana. Ila sidhani kama kuna aliyetoka pale anajua kuimba kuliko alivyoingia.

Mwaka huu tumempata kijana wa kidato cha pili anayejifunza kuimbisha. Ana sauti na ana haraka. Juzi alifika ubeti wa tatu, ule ule, akauacha juu. Nilikuwa benchi la mbele nikaona zamu yangu imefika. Nikapokea kwa kuushusha mstari, barabara kabisa, kifua mbele. Kijana akanyamaza. Akanitazama, akatazama sakafu. Nyuma yangu nikasikia kimya cha pumzi moja, kisha sauti ndogo ya mama ikauchukua mstari huo huo upya, chini ya yangu, taratibu, mpaka kijana akainua kichwa akaingia ubeti wa nne.

Tulipotoka nikatembea na mama kwenda bombani. Sisi wa Kitangari tuko bondeni, maji ya chanzo cha Mitema yanasukumwa kutoka kwetu kwenda juu kwenye uwanda wa Makonde, na bado bombani kuna foleni. Mambo hayo nayo yana visiki vyake. Alikaa kimya mpaka tulipokaribia.

"Mwanangu, umepokea kwa nguvu mno. Mtoto kakusikia wewe, wimbo hakuusikia."

Nilikuwa na maelezo mawili tayari mdomoni. Mbele yetu kulikuwa na ndoo nane. Akatua yake chini, akajifunga kanga upya, akaanza kuuimba ubeti wa tatu kwa sauti ya kujisemea, nami nikapokea.