Msimulizi Anapoondoka: Riwaya ya Achebe Jukwaani

Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973, iligeuzwa mchezo wa kuigiza na Biyi Bandele na kuonyeshwa Uingereza mwaka 1997. Kazi ya namna hiyo si kupunguza kurasa tu. Ni kumwondoa msimulizi.

Okonkwo anapomkata Ikemefuna kwa panga, msimulizi humweleza msomaji papo hapo kwamba aliogopa kuonekana mnyonge. Jukwaani panga huonekana, hofu haionekani. Mtunzi wa mchezo akimpa Okonkwo maneno ya kuikiri hofu hiyo, atamharibu, kwa kuwa msiba wake ni kutoweza kuikiri. Akimwacha kimya tu, watazamaji watamwona katili.

Njia iliyobaki ni kuitayarisha hofu mapema. Unoka, baba aliyekufa na madeni, asikatwe kwa ajili ya ufupi. Aonekane na filimbi yake kabla panga halijainuliwa. Hapo kitendo chenyewe kitajisimulia. Mtunzi hodari, basi, hufuata sababu zilizomo katika riwaya kuliko mfuatano wa sura zake.