Tabla bila Sitari: Mizani, Mapigo na Swali la Uigaji katika Taarabu ya Mombasa

Taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi, ambayo Juma Bhalo (1942–2014) ndiye mwimbaji wake mashuhuri, imeshutumiwa mara nyingi kuwa ni uigaji wa nyimbo za filamu. Sehemu hii inaihakiki shutuma hiyo kwa kulinganisha kazi ya tabla katika kikao cha muziki wa kale wa Kihindi na kazi yake katika taarabu hiyo.

Katika kikao cha sitari na tabla, wasikilizaji wachache huketi karibu na wapigaji. Sitari huanza peke yake, ikiifunua raga taratibu bila mapigo maalumu. Tabla huingia baadaye na kushika tala. Tala iitwayo tintali ina mapigo 16. Pigo la 9 ni khali, yaani tupu: uzito wa ngoma ya kushoto huondolewa, kisha mzunguko hurejea pigo la kwanza. Msikilizaji huhesabu kwa viganja. Hali hii ni tofauti na ing'oma ya Wanyakyusa wa Kyela: mkazi wa Matema huyajua mapigo yanayokamilishwa na wachezaji uwanjani.

Taarabu ya Mombasa ilichukua tabla, harmoniamu na tashkota, ikaacha sitari pamoja na ufunuzi wa raga. Nafasi hiyo ilijazwa na shairi, yakiwamo ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Mshororo wa kimapokeo una mizani 16, na utao huanza katika mizani ya 9, pale pale khali inapoangukia. Ulinganifu huu wa hesabu si ushahidi wa asili moja, kwani mwimbaji hurefusha silabi, na nyimbo za filamu hutumia sana kaharwa yenye mapigo 8. Lenye uzito zaidi ni kina. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hukaa katika silabi ya mwisho. Lahani iliyotungiwa maneno ya Kihindi inapoivuta sauti ya mwisho, huukiuka mkazo, lakini papo hapo hukikuza kina.

Hivyo basi, uigaji wa lahani upo na hauhitaji kukanushwa. Kilichobadilika ni kiongozi: katika kikao cha sitari tabla huitumikia raga, Mombasa hulitumikia shairi. Uhakiki unaoishia kwenye chanzo cha lahani umehakiki nusu ya wimbo.