Jicho la Mkufunzi

Watoto wagonjwa wa Busoga hupelekwa Nalufenya, mjini Jinja, kwenye wodi ya watoto ya hospitali ya rufaa. Kwingineko Uganda jina hilo lilivuma kwa mahabusu ya polisi yaliyofungwa mwaka 2018, lakini kwa mama anayeshuka kwenye bodaboda akitokea Iganga au Kamuli, mtoto ana homa kali na amekataa kunyonya, Nalufenya ni wodi. Daktari atakayempokea alipita kidato cha tano na cha sita. Huko, kama alibahatika, alifundishwa kemia na mtu aliyemfanya auelewe ukolezi wa myeyusho badala ya kuukariri, na leo anaipima dawa ya mtoto wa kilo 8 bila kubahatisha. Mwalimu huyo wa kemia hutajwa na kushukuriwa siku za mahafali. Aliyemwonyesha mwalimu huyo namna ya kuufundisha ukolezi hatajwi na mtu. Huyo ndiye ninayemsifu hapa: mkufunzi mzoefu, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa darasani aliyekula vumbi jingi la chaki, aliyekaa miaka kadhaa akisahihisha karatasi za UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na ambaye sasa anawafundisha walimu wa madarasa mawili ya juu ya sekondari. Ninadai kuwa kazi yake ni ufundi unaojitegemea. Mtu anaweza kulijua somo asiwe nao, na anaweza hata kuwa mwalimu mzuri asiwe nao.

Ugumu wa kidato cha tano na cha sita ni kwamba walimu wake wanajua mengi. Wana shahada, na wengi walikuwa vinara wa darasa lao. Wanajua kiasi kwamba wamesahau jinsi ilivyokuwa kutokujua. Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman aliandika kuwa kati ya kulijua somo na kujua mbinu za kufundisha kuna maarifa ya tatu: kujua mahali ambapo somo lenyewe humkwaza mwanafunzi, na ni mfano upi humnasua. Chukua hesabu. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha tano anafundisha jinsi ya kupata mteremko wa mkunjo wa y = x². Anaandika ubaoni, anaongeza h kidogo kwenye x, anapanua mabano, anagawanya kwa h, halafu anaifanya h kuwa sifuri. Mwanafunzi mmoja wa nyuma ananyoosha mkono: mwalimu, kama h ni sifuri, umewezaje kugawanya kwa sifuri? Swali hilo ni zito. Wanahesabu wa Ulaya walihangaika nalo zaidi ya karne moja baada ya Newton na Leibniz. Mwalimu aliyetoka chuo kikuu alisoma jibu lake lote, na pengine alifaulu mtihani wake. Hata hivyo husema, ndiyo kanuni ilivyo, tuendelee.

Mkufunzi anayeketi kona ya darasa hilo huwa hamtazami mwalimu. Anamtazama yule kijana aliyeshusha mkono, na wenzake waliokuwa na swali hilohilo wakalimeza. Baada ya kipindi hamwambii mwalimu kwamba alikosea. Anampa karatasi na kumwomba achukue nukta ambapo x ni 3, kisha apige hesabu ya mteremko wa mstari unaoiunganisha na nukta ya jirani: h ikiwa 1, mteremko ni 7; h ikiwa 0.1, ni 6.1, ikiwa 0.01, ni 6.01. Halafu anauliza: mwanafunzi akiona namba hizi tatu kabla hajaona alama yoyote, atakuuliza nini? Mwalimu anakaa kimya, kwa sababu ameona. H haijawahi kuwa sifuri. Namba zinaielekea 6 na hazitakwenda kwingine, na kazi ya mwalimu ni kumfanya kijana aone mwelekeo huo kabla ya kumpa kanuni. Hakuna jipya lililoongezwa kwenye elimu ya mwalimu. Kilichobadilika ni mpangilio wake, na mpangilio huo uliwezekana kwa sababu mkufunzi amewahi kuliona kosa hilo katika mamia ya madaftari na anajua linapoanzia.

Maabara nayo ina mambo yake. Katika kemia, mwanafunzi anadondosha asidi kutoka kwenye bureti hadi rangi inapogeuka, kisha anaandika kipimo. Akiandika 20.0 badala ya 20.00, mwalimu wa kawaida humkata alama na kupita. Mkufunzi hujiuliza kwanza kama mwanafunzi huyo amewahi kuishika bureti, au amekuwa akimtazama mwalimu mbele ya darasa la watu 80. Vipimo vitatu vinavyolingana mno, hadi nafasi ya mwisho ya desimali, humwambia kuwa mtoto amepika majibu. Na akichunguza zaidi hugundua mara nyingi kuwa mwalimu ndiye aliyefundisha upishi huo, bila kusema neno, kwa kutoa alama kwa namba nzuri na kuzinyima namba za kweli. Kumwambia mtu mzima mwenye shahada jambo kama hilo, mbele ya walimu wenzake, akalipokea na kurudi wiki ijayo, kunadai ustadi ambao haumo katika kitabu chochote cha kemia. Kinyozi hajinyoi, lakini pia hapendi kunyolewa na mtu anayemdharau.

Wapo watakaosema kuwa haya ni anasa. Shule zinazokaririsha hupata matokeo mazuri. Wanafunzi wake huingia udaktari na uhandisi, na mzazi anayeuza ng'ombe kulipa karo hana haja na falsafa ya h. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa, maana mzazi huyo yuko sahihi kuhusu anachokitaka. Jibu langu liko Mbale. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, ile ya Mbale ikiwemo. Uliwahusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Vitabu vilielekeza wapewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Utafiti ulipima. Ndani ya saa 48, kati ya watoto waliopewa maji hayo, takriban asilimia 10.5 walifariki, na kati ya wale ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Kilichoaminika ulimwenguni kote kilikuwa kinaua, na waliogundua walikuwa madaktari na wauguzi waliokubali kupima kile ambacho kila mtu alidhani anakijua. Sidai kuwa darasa fulani la kidato cha sita ndilo lililozaa utafiti ule. Ninachosema ni kwamba kijana aliyezoeshwa kupika vipimo vya bureti, akipewa alama kwa kulingana na jibu linalotarajiwa, amefundishwa tabia iliyo kinyume kabisa na ile iliyookoa watoto. Mzazi aliyeuza ng'ombe anastahili daktari wa aina ya pili.

Hoja nyingine husemwa na walimu wenyewe, na wanaisema kwa uchungu: mafunzo tumeyaona mengi. Mtu anaitwa semina, anapewa kalamu, chai na posho ya safari, anasikiliza siku tatu, anarudi darasani na kufundisha alivyofundisha jana. Ni kweli, na pesa nyingi zimepotea hivyo. Lakini tazama yale yaliyofanya kazi. Kenya ilianza mradi wake wa kuwanoa walimu wa sayansi na hesabu, SMASSE, mwaka 1998 kwa msaada wa Wajapani wa JICA, na Uganda ikafuata na SESEMAT mwaka 2005. SESEMAT ililenga zaidi vidato vya chini kuliko vya juu, jambo ambalo ni pengo hadi leo, lakini iliwatumia walimu waliokuwa bado kazini kuwa wakufunzi wa wenzao, na iliwataka wapange kipindi, wakifundishe, wakitazame, wakirekebishe, kisha wakirudie. Nchini Japani walimu wana desturi ya zaidi ya karne: mmoja anafundisha, wenzake wanatazama, halafu wote wanakijadili kipindi kama kitu kilicho mezani, pasipo kumhukumu aliyekifundisha. Semina ya siku tatu huenda na maji kwa sababu ina nusu ya kwanza tu ya kazi hiyo. Mkufunzi huzungumza, kisha hupanda gari na kuondoka kabla hajaona lolote. Nusu iliyobaki, ile ya kuketi kona ya darasa, ndiyo inayomhitaji mtu mzoefu, na ndiyo ambayo bajeti huikata kwanza.

Ufundi huu pia hupotea upesi, kwa kuwa unakaa ndani ya watu. Uhuru ulipokaribia, Afrika Mashariki haikuwa na walimu wa sekondari wa kutosha, na kuanzia mwaka 1961 mamia ya Wamarekani waliletwa kupitia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, wengi wao wakiandaliwa Makerere. Walifundisha, wakamaliza mikataba, wakaondoka. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Jinja ilipoteza wenye viwanda na maduka, na shule zake zikapoteza walimu, wale ambao kijana aliyeanza kazi angeweza kuketi karibu nao akajifunza. Majengo yalibaki. Kenya nayo iliachana na vidato vya tano na sita ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mtihani wa mwisho wa ngazi ile ulifanyika 1989, na walimu waliobobea katika madarasa hayo wakabaki na ujuzi usio na darasa. Uganda na Tanzania ziliendelea nayo, na nchini Uganda ujuzi huo umesalia hasa kwenye vyumba vya kusahihishia mitihani. Huko mwalimu wa shule ya Nabumali huketi karibu na mwalimu wa ile ya Mwiri, wakabishana kama jibu fulani linastahili alama moja au mbili, na katika ubishi huo mdogo wanarithishana miaka ishirini ya kuyasoma makosa ya vijana. Hata Marekani, walimu wanaowafundisha wenzao masomo ya Advanced Placement mara nyingi ni walewale wanaokutana kila mwaka kuisahihisha mitihani hiyo.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: uzoefu wenyewe unaweza kuwa mzigo. Mtaala mpya wa vidato vya chini vya Uganda ulianza mwaka 2020, kundi lake la kwanza likafanya mtihani mwaka 2024, na mwaka 2025 vijana hao waliingia kidato cha tano wakiwa wamezoea miradi na maswali yanayotoka kwenye maisha. Mkufunzi aliyejipatia jina kwa kubashiri maswali ya mtihani wa zamani ana nini cha kuwaambia walimu wao? Pengine hana kitu, na wapo wa aina hiyo, tena wanaitwa kila mahali na kulipwa vizuri. Hao sifa zangu haziwahusu. Lakini uzoefu ni wa aina mbili. Kuijua karatasi ya mtihani huisha karatasi inapobadilika. Kujua jinsi kijana anavyokwama hakuishi, kwa sababu h inamkwaza mtoto wa mtaala mpya vilevile ilivyomkwaza baba yake. Mkufunzi wa jiografia anayewapeleka walimu wa Mbale hadi Bududa, kwenye mteremko wa Nametsi ulioporomoka Machi 2010, anawasimamisha pale udongo mzito wa mfinyanzi unapoonekana na kuwauliza kwa nini ni hapa na si kilima cha ng'ambo, alikuwa akifundisha hivyo kabla mtaala haujamwambia afanye hivyo. Mtaala umemfikia alipokuwa tayari amesimama.

Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4, na walimu wa sanaa wakagoma. Malipo yalifuata somo la shahada. Ufundi wa kufundisha haukuingia kwenye hesabu, na huyo mkufunzi wa jiografia wa Bududa aliangukia upande wa waliosahauliwa. Sipendekezi apewe ofisi. Mkufunzi anayetoka darasani huishi kwa akiba, na akiba hiyo huisha ndani ya miaka michache. Anaanza kuyazungumzia makosa ya wanafunzi ambao hawapo tena. Abaki na vipindi vyake vya kidato cha sita, vipunguzwe nusu. Siku mbili za wiki azitumie katika madarasa ya wengine, Jinja, Iganga, na barabara ya Tirinyi mpaka Mbale, nauli yake ikilipwa kabla hajasafiri. Arudi kwenye darasa lilelile baada ya mwezi mmoja kutazama kama yule kijana wa nyuma amenyoosha mkono tena, na amejibiwa nini.