"Sayansi Jinai": Istilahi Iliyo Finyu

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, istilahi za uchunguzi wa kisayansi si mali ya wataalamu peke yao tena. Mwanafunzi wa chuo anayesomeshwa fani hii kwa Kiingereza hana budi kuyaeleza matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya hakimu na wenye shauri. Hapa twaijadili istilahi moja tu, nayo ni jina la fani yenyewe: sayansi jinai.

Kwa upande wa umbo hatuna ugomvi nayo. Imeundwa kwa kuambatanisha nomino mbili, kama ilivyoundwa isimujamii. Kasoro yake imo katika maana. Neno la kigeni linalofasiriwa hivyo asili yake ni Kilatini, forum, yaani uwanja wa hadhara ambapo, pamoja na mambo mengine, mashauri yalisikilizwa. Halikutaja uhalifu.

Tuchukue mfano wa mama wa Vudee, katika milima ya Upare, anayeteremka Same kudai matunzo ya mtoto. Sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu humruhusu afisa ustawi wa jamii kuomba kipimo cha kumtambua mzazi. Shauri hilo si la jinai, wala hapana mtuhumiwa. Lakini mama huyo akisikia kuwa sampuli ya mwanawe yapelekwa kwenye "sayansi jinai", ana haki ya kuuliza ni nani aliyeshtakiwa. Akiingiwa na hofu akarejea mlimani, atakayepoteza haki ni mtoto.

Linganisha na vinasaba. Neno hili limetokana na nasaba, nalo humdokezea msikilizaji kazi ya kipimo hata kabla mtaalamu hajafafanua.

Wako watakaosema kuwa sayansi jinai imekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuzoeleka maabara na ofisini si kuzoeleka kwa umma. Twapendekeza fani nzima iitwe sayansi ya ushahidi, na sayansi jinai ibakie jina la tawi linalohusu makosa ya jinai. Vivyo hivyo walimu wa vyuo watenganishe upelelezi, ambao ni kazi ya polisi, na uchunguzi, ambao ni kazi ya maabara. Mahakama huupima kila mmoja kwa mizani yake.